Dalili za Shafti Isiyomfaa Mchezaji: Mwongozo kwa Wachezaji wa Gofu wa Arusha na Moshi

Fimbo nyingi za gofu zinazotumika Arusha na Moshi zimepita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia mwenye nazo wa sasa. Baadhi zimeachwa na wageni, baadhi zimenunuliwa kwa wanachama waliobadilisha seti, na baadhi zimepatikana kwenye mitumba zikiuzwa mojamoja, hivyo si ajabu kukuta mfuko mmoja una shafti, yaani mipini ya fimbo kati ya mahali pa kushikia na kichwa, za aina nne au tano. Mwenye mfuko huo anapopiga vibaya huambiwa kwamba swingi yake, yaani namna anavyoizungusha fimbo, ina kasoro, naye huanza kujipindapinda ili aifuate fimbo, ilhali fimbo ndiyo iliyopaswa kumfuata yeye.

Mwongozo huu unaanza na dalili anazoziona mchezaji, unatafuta vyanzo vyake, kisha unaeleza marekebisho yanayoweza kufanyika hapa hapa kwetu. Msimamo wangu nautaja mapema: uzito na urefu vichunguzwe kwanza, na herufi ya ugumu iliyochapishwa kwenye shafti iangaliwe mwisho. Herufi hizo, yaani L, A, R, S na X kutoka laini hadi ngumu, hazina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, na S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya kampuni nyingine. Maelezo ya kulia na kushoto yaliyomo humu yanamhusu mchezaji wa mkono wa kulia. Anayetumia kushoto ayageuze.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kulaumu chochote

Vifaa vinavyohitajika ni futi ya fundi cherehani, mizani ya jikoni ya kidijitali na kalamu ya ubao mweupe. Pima urefu wa kila fimbo ikiwa imesimama kama inavyosimama wakati wa kupiga, kuanzia sakafuni nyuma ya kisigino cha kichwa hadi ukingo wa juu wa gripu, yaani sehemu ya kushikia. Aironi (fimbo ya kichwa cha chuma ya mapigo ya kati) namba 7 ya wanaume kwa kawaida huwa na inchi 37 hivi, na draiva (fimbo ya pigo la mbali) za siku hizi huwa na takribani inchi 45 hadi 45.75. Kisha pima uzito wa fimbo nzima na uuandike kando ya urefu. Katika seti iliyopangwa vizuri, kadiri fimbo inavyokuwa fupi ndivyo uzito wake unavyopanda kidogo kidogo. Fimbo inayoruka utaratibu huo imeshajitaja yenyewe kuwa ndiyo ya kuchunguzwa.

Ugumu nao unaweza kulinganishwa bila mashine. Bana upande wa gripu kwenye jiliwa ukiwa umeuzungushia mpira au vipande vya mbao laini, hasa kama shafti ni ya grafaiti (nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa utomvu), kwa sababu grafaiti ikibanwa kwa chuma kitupu hupasuka ndani bila kuonekana nje. Ning'iniza chupa ya maji ya lita moja karibu na shingo ya kichwa na upime fimbo imeshuka kwa sentimita ngapi. Namba hiyo haina maana peke yake, lakini ukiilinganisha na fimbo nyingine ya urefu uleule, hasa ile unayoipiga vizuri kuliko zote, utajua ipi ni laini na ipi ni ngumu kwa uhakika unaozidi ule wa herufi.

Jambo la tatu ni hewa, na hapa wachezaji wetu hudanganyika mara nyingi. Mji wa Arusha uko takribani meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi uko chini ya meta 1,000. Hewa nyepesi haiuzuii mpira sana kama hewa nzito, lakini pia haiuinui wala kuupinda sana. Kwa kadirio la kawaida, mpira unaokwenda meta 200 Dar es Salaam utakwenda karibu meta 210 Arusha kwa pigo lilelile. Kwa hiyo mtu aliyebadilisha shafti akiwa Dar, kisha akaja kucheza Arusha na kuona meta kumi zimeongezeka, asiisifu shafti kwa kazi iliyofanywa na hewa. Vivyo hivyo, majaribio ya asubuhi ya baridi ya Julai yasilinganishwe na ya mchana wa Februari, na umbali upimwe pale mpira unapotua, si pale unaposimama, kwa sababu ardhi kavu ya kiangazi huusukuma mpira mbele na ardhi ya masika huunywa.

Mpira unagusa kila mahali pa uso wa fimbo

Naanza na dalili hii kwa kuwa ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Chora nukta nene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, elekeza nukta hiyo kwenye uso wa fimbo, kisha piga. Wino utabaki usoni na kuonyesha mahali mpira ulipogusa. Fanya hivyo kwa mipira kumi hivi kabla ya kuamua. Kama alama zimejikusanya mahali pamoja, hata kama mahali hapo si katikati, una swingi inayojirudia na shafti inaweza kurekebishwa kwa ajili yake. Kama zimetawanyika, hakuna ugumu wa shafti utakaozikusanya. Tafuta kosa kwenye urefu na uzito.

Urefu ukizidi, alama hutawanyika kwa upana wa uso mzima, na draiva ndiyo mkosaji wa kwanza. Watengenezaji hupenda draiva ndefu kwa sababu fimbo ndefu huongeza kasi ya kichwa, lakini kasi hiyo hupotea mara tu mpira unapogusa mbali na kitovu cha uso. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, zinaruhusu fimbo yoyote ambayo si pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) iwe na urefu wa hadi inchi 48, na tangu mwaka 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46; lakini kuruhusiwa si sawa na kufaa. Jaribu kabla ya kukata: shika draiva inchi moja chini ya ncha ya gripu na upige tena mipira yenye alama. Ikiwa alama zinakaribiana na umbali haupungui, jibu limepatikana bila gharama yoyote.

Hapo ndipo kosa la pili huingia. Shafti ikifupishwa, kichwa huhisiwa kuwa chepesi, na fimbo hupoteza ule mzani ambao mafundi huuita uzito wa swingi na kuuandika kwa herufi na namba kama D0 au D2. Nusu inchi ikikatwa, mzani huo hushuka kwa takribani pointi tatu, na kila pointi hurudishwa kwa gramu mbili hivi zinazoongezwa kichwani. Draiva iliyokatwa inchi nzima itahitaji takribani gramu 12 za utepe wa risasi chini ya kichwa ili irudi ilivyokuwa. Mtu asiyejua hilo hukata, huona mikono yake inakimbia mbele ya kichwa, kisha hulaumu ugumu wa shafti. Gripu nene na nzito huleta mkanganyiko kama huo, maana kila gramu nne au tano zinazoongezeka kwenye gripu hushusha mzani kwa pointi moja hivi.

Kuhusu uzito wa shafti yenyewe, tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Shafti ya draiva ya grafaiti inaweza kuwa na gramu 40 au 80. Shafti ya chuma ya aironi huwa kati ya gramu 90 na 130. Shafti nzito mno hujitambulisha kwa kuchelewa: mchezaji hupiga vizuri mashimo ya mwanzo, kisha kadiri mabega yanavyochoka mipira huanza kuguswa chini ya uso na kutokea kulia. Shafti nyepesi mno hujitambulisha tangu mpira wa kwanza, kwa sababu mchezaji mwenye nguvu hutoka juu kwa haraka kupita kiasi na hakuna pigo linalofanana na lililotangulia. Mtu anayetaka kujua yuko upande gani asipige mipira michache asubuhi na kuridhika, bali acheze raundi nzima na alinganishe alama za mwanzo na za mwisho.

Wanawake na watoto ndio wanaoumia zaidi katika jambo hili, na inanisikitisha kuona linavyochukuliwa kirahisi. Mwanamke anayeanza kucheza hupewa seti ya zamani ya kaka au ya mume, yenye shafti za chuma za gramu 120 na zaidi, kisha huambiwa aongeze nguvu. Mtoto hukatiwa fimbo ya mtu mzima. Ukikata inchi nne kwenye aironi yenye shafti ya chuma unaondoa gramu chache tu, kichwa kinabaki na uzito uleule wa mtu mzima, na shafti iliyofupishwa inakuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa. Mtoto huyo anafundishwa kubeba, hafundishwi kupiga. Ikiwa lazima fimbo ya mtu mzima ikatwe, ichaguliwe yenye shafti nyepesi ya grafaiti, laini kuliko zote zilizopo, na yenye kichwa chepesi.

Mpira unatoka chini, hauna uhai, na unaelekea kulia

Hakikisha kwanza kwamba alama ziko karibu na katikati. Ikiwa ziko hapo na mpira bado unatoka chini na kulia, na mikononi fimbo inahisiwa kama ubao usiojibu, shafti ina uwezekano wa kuwa ngumu au nzito kuliko kasi ya mchezaji. Kadirio linalotumika sana kwa draiva ni hili: kasi ya kichwa iliyo chini ya maili 75 kwa saa huelekea L, ya 75 hadi 85 huelekea A, ya 85 hadi 95 R, ya 95 hadi 105 S, na inayozidi hapo X. Asiye na kifaa cha kupimia kasi aangalie ni aironi gani inayompeleka meta 137 mpira ukiwa bado hewani. Anayehitaji namba 5 kwa kawaida huwa wa R, na anayefika kwa namba 6 au 7 huwa wa S. Mchezaji wa Arusha akumbuke kutoa ile asilimia tano ya hewa, na mwenye aironi za kisasa akumbuke kwamba nyuso zake zimesimama zaidi kuliko za zamani, hivyo namba iliyoandikwa chini ya kichwa humpa sifa asiyostahili.

Kadirio hilo ni mahali pa kuanzia tu. Wachezaji wawili wenye kasi sawa wanaweza kuhitaji shafti tofauti, kwa sababu mmoja hugeuka kutoka juu kwa utulivu na kuongeza mwendo taratibu, na mwingine huivuta fimbo kwa nguvu mara tu anapoanza kushuka. Huyo wa pili huipinda shafti zaidi na huvumilia ugumu zaidi. Ndiyo maana napendekeza mwalimu wa gofu au kedi (mbeba fimbo) mwenye uzoefu amtazame mchezaji akiwa juu kabisa ya swingi, mahali ambapo kipima kasi hakiangalii.

Mpira unapinda kushoto kila unapoongeza nguvu

Dalili hii ni kinyume cha iliyotangulia: mapigo ya utulivu yananyooka, lakini mchezaji akikaza, mpira unakimbia kushoto. Chanzo kinachowezekana ni shafti laini au nyepesi mno, au shafti inayojisokota kwa urahisi. Kipimo cha kujisokota hutajwa kwa digrii, na shafti nyingi za grafaiti huwa kati ya digrii 2 na 6. Namba kubwa humaanisha kichwa kinageuka zaidi pale mpira unapogusa mbali na kitovu. Kabla ya kununua shafti nyingine, azima fimbo ya mwenzako yenye shafti iliyo nzito kwa gramu 10 hadi 15, ugumu ukiwa uleule. Mara nyingi uzito huo peke yake hutuliza mkono, na fedha ya shafti ngumu huokolewa.

Mpira unapaa juu na kuanguka karibu

Kwa draiva, angalia alama: mpira unaogusa chini ya katikati hupata mzunguko mwingi wa nyuma, huinuka na kufa. Hilo hutibiwa kwa kubadilisha urefu wa tii (kijiti cha kuwekea mpira) na mahali pa kusimama. Alama zikiwa juu ya katikati na mpira bado unapaa kupita kiasi, angalia mlalo wa uso wa kichwa, ambao hupimwa kwa digrii. Shafti laini kwenye ncha ya chini huchangia, lakini mchango wake ni mdogo kuliko ule wa kichwa chenye digrii zisizofaa. Siungi mkono kubadilisha shafti kwa dalili hii peke yake.

Aironi zinakwenda upande mmoja ingawa pigo ni safi

Mipira ikigusa katikati na kwenda kushoto kwa kunyooka, au kulia kwa kunyooka, kosa huwa kwenye pembe kati ya shafti na ardhi. Chora mstari mnene wima kwenye mpira, uelekeze kwenye uso wa aironi na upige. Mstari utakaochapwa usoni ukiwa wima, pembe ni sahihi. Ncha ya juu ya mstari ikilalia upande wa nje wa uso, ulio mbali na shafti, fimbo imesimama mno na mpira utakwenda kushoto. Ikilalia upande wa shafti, fimbo imelala mno na mpira utakwenda kulia.

Dalili hii huwapata sana watu waliorefusha au kufupisha shafti bila kugusa pembe, kwa sababu nusu inchi ya urefu hubadilisha pembe kwa takribani digrii moja wakati wa kupiga. Ni sawa na mpini wa jembe: ukiurefusha bila kugeuza bapa, jembe halitashika udongo kama zamani. Kumbuka pia kwamba urefu hauamuliwi na kimo peke yake. Simama wima ukiwa na viatu, mikono ikining'inia, na upime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Watu wenye takribani sentimita 86 hadi 94 kwa kawaida hufaa fimbo za urefu wa kiwandani, hata kama mmoja ni mrefu kuliko mwenzake kwa kichwa kizima.

Fimbo moja katika seti haifanani na nyingine

Rudi kwenye karatasi ya vipimo. Fimbo hiyo huwa imeshabadilishiwa shafti, au ina gripu tofauti, au imekatwa kwenye ncha ya chini mahali ambapo nyingine zimekatwa juu. Tofauti hiyo ya ukataji ni muhimu: kukata upande wa gripu huifupisha shafti zaidi ya kunavyoikaza, lakini kukata ncha ya chini, hata kwa nusu inchi, huifanya shafti iwe ngumu waziwazi. Zamani za shafti za mbao, kabla ya chuma kukubaliwa na USGA mwaka 1924 na R&A mwaka 1929, mafundi walilazimika kulinganisha kila fimbo kwa mikono, na seti yetu ya mchanganyiko inadai uangalifu uleule.

Mlio wa kugonga, mtikisiko, au kichwa kinachogeuka

Acha kupiga mara moja. Kichwa kinachochomoka kinaweza kumjeruhi vibaya kedi au mchezaji aliye mbele. Mlio mwepesi ndani ya shafti unaweza kuwa kipande cha gundi kavu tu, lakini kichwa kinachogeuka hata kidogo kinaonyesha kwamba gundi imeachia, na fimbo zinazokaa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani Moshi mchana kutwa huharakisha hali hiyo. Kwa grafaiti, pitisha kitambaa laini au pamba kutoka juu hadi chini. Nyuzi zikinasa, kuna ufa, na shafti hiyo haina tiba.

Fundi anayetoa shafti ya chuma anaweza kupasha moto shingo na kuizungusha hadi itoke. Grafaiti haivumilii hivyo: hupashwa moto kidogo na kuvutwa moja kwa moja kwa kifaa maalumu bila kusokotwa, la sivyo utomvu unaoshika nyuzi huungua. Shafti mpya lazima ilingane na tundu la shingo. Draiva nyingi huchukua ncha ya milimita 8.5, na aironi huchukua ya milimita 9.0 iliyochongoka au ya milimita 9.4 iliyonyooka, tundu lisipanuliwe kwa keekee ili shafti iingie kwa nguvu. Draiva zenye kiungo cha kufungua kwa skrubu ni rahisi zaidi, ila kiungo cha kampuni moja hakiingii kwenye kichwa cha nyingine. Ncha ikwaruzwe kwa msasa, gundi ya epoksi ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na fimbo ikae saa 24 kabla ya kupiga mpira wowote. Grafaiti ikatwe kwa msumeno wa meno madogo, mahali pa kukata pakiwa pamezungushiwa utepe, na fundi afunike pua na mdomo dhidi ya vumbi lake.

Badilisha fimbo moja kwanza, ikiwezekana aironi namba 7, na jambo moja kwa wakati mmoja, kisha irudishe uwanjani, uwe ni Gymkhana mjini Arusha, Kili Golf karibu na Usa River au klabu ya Moshi, saa ileile na kwa mipira ya aina ileile. Marekebisho yafanyike kabla ya raundi, kwa sababu kanuni haziruhusu kubadilisha sifa za fimbo wakati raundi inaendelea. Alama za kalamu zikikaribiana na mpira ukianza kutua mahali pamoja, peleka vipimo hivyo kwenye fimbo nyingine. Zisipobadilika baada ya urefu, uzito na ugumu kujaribiwa kwa zamu, shafti imeondolewa lawama na mwalimu ndiye anayefuata.